Kahawa Ndani ya Zege: Kazi Inafanywa na Mkaa, Si Machicha

Ukitaka zege lisishike, litie sukari. Sehemu moja ya sukari kwa sehemu elfu moja za saruji inatosha kulichelewesha kwa saa nyingi. Wanaosafirisha zege kwa malori wanalijua hilo vizuri: lori likikwama njiani na pipa lake limejaa, sukari ikitiwa mapema inaweza kuliokoa pipa lisigeuke jiwe.

Naanza na sukari kwa sababu habari ya kahawa kwenye zege imesambaa kwa namna inayopotosha. Imefupishwa hivi: watafiti wa Australia wamechanganya machicha ya kahawa na zege, zege likawa imara zaidi kwa asilimia 30. Ukweli umo humo, lakini imerukwa hatua iliyobeba jambo zima. Atakayeichukua habari hiyo kama ilivyo, akamwaga machicha ya jikoni kwake kwenye mchanga wa kujengea, atapata zege dhaifu kuliko la kawaida. Machicha ya kahawa, yaani ule unga unaobaki kwenye chujio baada ya kahawa kumiminwa, ni adui wa saruji. Kilichofanya kazi maabara ni mkaa uliotokana nayo, na kati ya machicha na mkaa kuna kemia ya kutosha kueleza mambo karibu yote yanayochanganya watu katika habari hii.

Tuanze na zege lenyewe. Tumezoea kusema limekauka, lakini zege halikauki ndipo likawa gumu. Linashika, na kushika ni mmenyuko wa kikemia unaohitaji maji. Chembe za saruji zinapokutana na maji huanza kuyeyuka juu juu, kisha madini yaliyoyeyuka yanajiunga upya na kuota kama miiba na vitandazo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Hiyo ndiyo gundi inayofumbata mchanga na kokoto. Pamoja nayo hutokea chokaa, ndiyo maana maji ya zege bichi yana ualikali mkali na yanachubua ngozi. Mmenyuko huo ukikosa maji unasimama, na zege linabaki na nguvu pungufu. Fundi anayelimwagilia zege maji kwa siku kadhaa baada ya kulimwaga, au kulifunika kwa magunia yaliyolowa, anaulisha mmenyuko huo.

Sukari huvuruga hapo hapo. Molekuli zake zinang'ang'ania kwenye chembe za saruji na kwenye punje za mwanzo za gundi, zikizizuia zisikue. Saruji ipo, maji yapo, lakini mlango umefungwa.

Sasa tazama kilichomo ndani ya machicha. Maji ya moto yanapopita kwenye unga wa kahawa huchukua takriban sehemu moja ya tano tu ya uzito wake. Yanayobaki ni kuta za seli za mmea, ambazo kwa sehemu kubwa ni minyororo mirefu ya sukari: selulosi na hemiselulosi. Kuna lignini, yaani kile kinachoupa mti ugumu wake, kuna protini, kuna mafuta ambayo hufikia asilimia 10 hadi 15 ya uzito mkavu. Ndani ya zege bichi, ule ualikali mkali unaanza kuikatakata minyororo hiyo na kuachia vipande vyake ndani ya maji. Mafuta nayo yanazipaka chembe na kuzuia gundi isishikamane nazo. Na hata kama kemia isingeleta shida, bado punje ya machicha ni laini: inafyonza maji, inavimba, na ukiibana inabonyea. Punje ya mchanga haibonyei. Unapotoa mchanga ukaweka kitu kinachobonyea, umetoboa zege matundu kwa mkono wako mwenyewe.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT, mjini Melbourne, hawakulificha hilo. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2023 kwenye jarida la Journal of Cleaner Production, ambao mwandishi wake wa kwanza ni Rajeev Roychand, walijaribu machicha mabichi pia, na nguvu ya zege ikashuka sana. Kisha wakayachoma bila oksijeni kwa joto la nyuzi 350 za Selsiasi, na mengine kwa nyuzi 500. Wakapunguza mchanga na kuweka mkaa huo mahali pake, kwa viwango tofauti kuanzia asilimia 5 hadi 20 ya ujazo wa mchanga. Mkaa wa nyuzi 350, ulipochukua nafasi ya asilimia 15 ya mchanga, uliongeza uwezo wa zege kuhimili mgandamizo kwa asilimia 29.3. Hapo ndipo ilipotoka ile asilimia 30 inayotajwa kila mahali. Mkaa wa nyuzi 500 haukuufikia.

Kuchoma bila oksijeni si jambo geni kwa Mswahili yeyote aliyewahi kuona tanuri la mkaa. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, moto ukawashwa na hewa ikabanwa. Kuni zikipata hewa ya kutosha zinakuwa majivu. Zikinyimwa, zinatoa moshi, mvuke na lami, kisha inabaki kaboni iliyohifadhi umbo la mti, hata pete za gogo unaziona. Machicha ya kahawa yanafanyiwa hivyo hivyo, ila ndani ya chombo cha chuma kinachopimwa joto kwa makini.

Kwa nini 350, na si zaidi? Jibu linaanzia kwenye zile sukari. Hemiselulosi huvunjika kwa joto la kati ya nyuzi 220 na 315 hivi. Selulosi hufuata, kuanzia hapo hadi nyuzi 400. Lignini huenda polepole, na humaliza mbali sana huko juu. Kwa hiyo kufika 350, sehemu kubwa ya kile kinachoisumbua saruji imekwisha kuvunjika na kutoka kama gesi, lakini punje bado ina mwili. Ukizidi kupandisha joto, gesi zaidi hutoka, matundu yanaongezeka na kuta zake zinazidi kuwa nyembamba. Mkaa wenye matundu mengi kupindukia unaweza kuwa mzuri kwa kuchuja maji, lakini kwenye zege unapondeka. Mimi naliona hili ndilo tunda zuri kuliko yote katika utafiti ule, zuri kuliko hata hiyo asilimia 29.3: kumbe kuna joto linalotosha, na likizidi linaharibu.

Lakini mkaa ni mwepesi na una matundu. Unawezaje kuimarisha kitu? Ni kwa sababu ya matundu hayo hayo. Wakati wa kuchanganya, punje za mkaa hunywa sehemu ya maji. Maji yaliyo huru kati ya chembe za saruji yanapungua, na zege lenye maji machache kwa kila kilo ya saruji huwa gumu zaidi. Hiyo ni kanuni ya kale ya ujenzi ambayo kila fundi mzuri anaifuata anapokataa kuongeza maji ili zege liteleze. Siku zinavyokwenda na saruji inavyozidi kuyamaliza maji yake, punje zile zinayaachia taratibu yale ziliyoyahifadhi. Zege linamwagiliwa kutoka ndani, mahali ambapo maji ya gunia la juu hayafiki. Gundi nayo huota hadi kwenye midomo ya matundu, ikajifunga na mkaa kama mizizi inavyoshika mwamba wenye nyufa.

Njia hiyo ina gharama yake. Kwa kuwa mkaa unakunywa maji, zege huwa zito kulikoroga na kulisawazisha. Kishawishi cha kuongeza maji ni kikubwa, na ukikifuata umeipoteza ile faida yote. Inabidi kupima upya uwiano wa mchanganyiko au kutumia dawa za kulainisha zege.

Asilimia 15 ya nini?

Hapa wengi hupotea. Si asilimia 15 ya zege, wala ya saruji. Ni asilimia 15 ya mchanga, tena kwa ujazo na si kwa uzito; na mkaa ni mwepesi kuliko mchanga, kwa hiyo kwenye mizani inakuwa sehemu ndogo zaidi. Tuna mfano wa kazi halisi. Katika mradi wa barabara huko Pakenham, kusini mashariki mwa Melbourne, njia ya waenda kwa miguu kandokando ya McGregor Road ilimwagwa kwa zege la namna hii. Tani 5 za machicha, ambazo ni mabaki ya vikombe kama 140,000 vya kahawa, zilitoa tani 2 za mkaa, na mkaa huo ukatosha mita 30 za ujazo za zege. Gawanya: kila mita ya ujazo ilipata takriban kilo 67 za mkaa, na zege la kawaida la ujazo huo lina uzito wa tani 2.4 hivi. Njia yenye upana wa mita moja na nusu na unene wa sentimita 10 ingefika mita 200. Vikombe 140,000, mita 200.

Hesabu hiyo inatusaidia kupima dai lingine linalorudiwa mara kwa mara, kwamba kahawa itaokoa mchanga wa dunia. Tatizo la mchanga ni la kweli. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linakadiria kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka, na uchimbaji huo unabomoa kingo za mito kama Mekong. Mchanga wa jangwani haufai sana kwa zege kwa kuwa upepo umezisugua punje zake hadi zikawa laini na za mviringo, kwa hiyo mito, pwani na machimbo ndiyo hubeba mzigo. Machicha ya kahawa ya dunia nzima, kwa makadirio ambayo watafiti wa RMIT wenyewe huyatumia, ni kilo bilioni 10 kwa mwaka, yaani tani milioni 10. Chukua uwiano wa Pakenham: kila tani ya machicha imetoa mita 6 za ujazo za zege. Kama kila kijiko cha machicha duniani kingekusanywa bila kupotea hata kimoja, tungepata mkaa wa kutosha mita milioni 60 za ujazo. Dunia humwaga takriban mita bilioni 14 za ujazo za zege kwa mwaka. Ni chini ya nusu ya asilimia moja, na katika hiyo nusu ni sehemu tu ya mchanga iliyopunguzwa.

Kwa hiyo mchanga hauokolewi na kahawa. Nasema hivyo nikiwa naipenda kazi hii, na naamini inafaa kuendelezwa. Sababu ya kuiendeleza iko kwingine.

Kaboni inakokwenda

Machicha yanayotupwa dampo hufunikwa na taka nyingine, hewa ikakosekana, na bakteria wanaoishi bila hewa wakayageuza kuwa methani. Kilo moja ya methani hulipasha joto anga mara 28 hivi kuliko kilo moja ya hewa ukaa, ikihesabiwa kwa kipindi cha miaka 100. Mti wa kahawa ulivuta hewa ukaa kutoka angani, ukaifanya kuwa tunda. Kwenye dampo kaboni ile ile inarudi angani ikiwa imepata sura mbaya kuliko ilivyokuja. Ikigeuzwa mkaa, bakteria hawaiwezi tena. Na ukiufungia mkaa huo ndani ya zege, unakaa humo muda wote zege litakapokaa. Kila kilo ya kaboni iliyofungwa ni sawa na kilo 3.7 hivi za hewa ukaa ambazo hazikurudi juu.

Zege lenyewe ni mkosaji mkubwa kwenye jambo hili. Saruji peke yake husababisha takriban asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Tanuri lake hufika nyuzi 1,450, lakini moto si sehemu kubwa zaidi ya tatizo. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji hutoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe: ukilichoma, linaachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa humo tangu enzi za viumbe wa bahari. Hata tanuri la saruji likiendeshwa kwa umeme wa jua mtupu, jiwe litaitoa.

Sasa kumbuka kwamba mkaa wa kahawa umechukua nafasi ya mchanga, na mchanga hauna hewa ukaa nyingi ya kulaumiwa. Saruji haijaguswa. Mtu anayesema zege la kahawa ni rafiki wa mazingira kwa sababu limepunguza mchanga amekosea hesabu. Faida inakuja kwa njia mbili: ile kaboni iliyofungwa, na nafasi ya kupunguza saruji kwa kuwa zege limekuwa na nguvu ya ziada. Njia ya pili ndiyo naiona nzito zaidi. Kama mchoro unadai nguvu fulani na zege lako limeipita kwa mbali, mhandisi anaweza kuteremsha kiasi cha saruji hadi lirudi kwenye nguvu ile ile. Watafiti wa RMIT wamezungumzia punguzo la hadi asilimia 10. Tathmini yao ya maisha yote ya zege, iliyotoka mwaka 2025, ilikadiria kwamba kiwango cha asilimia 15 kinaweza kupunguza hewa ukaa ya zege kwa hadi asilimia 26. Neno "hadi" hapo lina kazi yake. Machicha yanayotoka kwenye chujio yana maji zaidi ya nusu ya uzito wake, na kuyakausha kunakula nishati. Ukiyakausha kwa moto wa dizeli, ukayasafirisha mbali yakiwa yamelowa, sehemu nzuri ya faida inaishia barabarani. Tanuri lililopangwa vizuri hutumia gesi zinazotoka kwenye machicha yanayochomwa ili kukaushia yale yanayosubiri zamu, na hilo hubadilisha hesabu kabisa.

Zipo njia nyingine za kuyaingiza machicha kwenye ujenzi, na si zote zinahitaji mkaa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Swinburne, nao wa Melbourne, wakiongozwa na Arul Arulrajah, waliyakausha machicha kwa nyuzi 50 kwa siku tano, wakayachekecha, wakachanganya sehemu saba za machicha na sehemu tatu za mavi ya chuma yanayobaki kiwandani, kisha wakatia kimiminika chenye alikali na kushindilia. Walikuwa wanatafuta nyenzo ya tabaka la chini la barabara, lile linalolala chini ya lami na haliombwi kubeba ghorofa. Arulrajah alikadiria kwamba mikahawa ya Melbourne ingeweza kutoa machicha ya kujengea kilomita 5 za barabara kwa mwaka. Hapo machicha mabichi yalifaa kwa sababu mbili: gundi haikuwa saruji ya kawaida inayoogopa sukari, na nguvu iliyohitajika ilikuwa ndogo.

Kwenye matofali ya kuchoma machicha hufanya kazi kinyume kabisa na zege: yanachanganywa na udongo ili yaungue. Tofali likifika nyuzi 900 au zaidi, punje zote zinateketea na kuacha vijishimo. Tofali linakuwa jepesi na linazuia joto lisipite haraka, lakini linapoteza nguvu na linafyonza maji zaidi. Kwa ukuta usiobeba mzigo linaweza kufaa. Kwa msingi, sivyo.

Ukimsikia mtu akisema "matofali ya kahawa" au "zege la kahawa", basi, muulize kwanza kahawa imefanywa nini. Imekaushwa? Imefanywa mkaa? Imeteketea na kuacha tundu? Ni vitu vitatu tofauti, na matokeo ya kimoja hayahamishiki kwa kingine.

Swali la pili ni la umri. Nguvu ya zege kwa desturi hupimwa siku ya 28, na majibu ya maabara yanahusu siku hizo. Jengo linatakiwa kusimama miaka 50, pengine 100. Palipo na nondo, kinacholiua zege mara nyingi si mgandamizo bali maji ya chumvi yanayopenya hadi kwenye chuma, chuma kikapata kutu, kikavimba, zege likapasuka. Nyenzo mpya yenye matundu inapaswa kuthibitisha kwamba haiyapi maji hayo njia. Ndiyo sababu majaribio ya nje yameanzia kwenye njia za waenda kwa miguu, ambako zege likifeli linang'olewa na kumwagwa jingine bila mtu kuumia. Naona ni uamuzi wa busara, na haufai kusomwa kama dalili kwamba kazi imeshindwa kwenye majengo.

Kabla ya Pakenham kulikuwa na mji wa Gisborne, kaskazini magharibi mwa Melbourne, ambako halmashauri ya Macedon Ranges ilikubali mwaka 2024 njia zake za waenda kwa miguu zitumike kwa majaribio. Huko hawakumwaga mkaa wa kahawa peke yake. Vipande vya mbao vilivyofanywa mkaa navyo vilijaribiwa kwenye zege. Kwa macho yangu hilo ni kubwa kuliko kahawa yenyewe. Machicha ni machache mno kuhimili sekta ya zege, lakini mabaki ya mimea kwa ujumla wake si machache, na mengi yana tabia ile ile: mabichi yanaiharibu saruji, yakifanywa mkaa yanaweza kuilisha maji. Joto la 350, hata hivyo, ni la kahawa. Mbao zina lignini nyingi kuliko machicha, maganda ya mpunga yamejaa silika, na kila moja litahitaji kutafutiwa joto lake na kiwango chake cha mchanga, kisha kumwagwa mahali, kukanyagwa, na kupimwa tena baada ya miaka.